Deli la Kwenda Nalo Baharini

Samaki wa Kilwa hutoka majini akiwa na joto. Bahari kati ya Kilwa Kivinje na Songosongo huwa na nyuzi 25 au 26 za Selsiasi wakati wa kusi, na hukaribia 30 kaskazi inapoiva. Changu aliyenaswa asubuhi ana joto hilohilo mwilini, kwa kuwa samaki wengi hufuata joto la maji wanamoishi. Akishakufa, bakteria walio kwenye ngozi, matamvua na utumbo wake huanza kazi, na kasi yao hutegemea joto kuliko kitu kingine chochote. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa samaki inasema kwamba kwenye nyuzi 5 samaki huharibika kwa kasi ya zaidi ya mara mbili kuliko akiwa kwenye barafu inayoyeyuka, na kwenye nyuzi 10 kwa kasi ya mara nne. Kwa joto la mchana ndani ya mtumbwi hakuna haja ya kanuni, pua inatosha.

Upande wa pili wa habari hii hausemwi sana. Bakteria wanaoishi juu ya samaki wa bahari ya joto hawakuzoea baridi. Ukimshusha samaki huyo hadi sufuri mapema, wengi wao huzubaa, na ndiyo maana aina nyingi za samaki wa tropiki hukaa kwenye barafu wiki mbili au tatu zikiwa bado zinalika, muda mrefu kuliko samaki wengi wa bahari za baridi. Barafu inamfaa mvuvi wa Lindi kuliko inavyomfaa mvuvi wa Norwe. Basi swali la mwenye mtumbwi, ngalawa au hata kayaki ya plastiki ni moja: achukue deli gani, lenye ukubwa gani, na barafu kiasi gani?

Jibu linaanzia Scotland. Mwanzoni mwa miaka ya 1760, Joseph Black, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Glasgow, aligundua kwamba barafu inapoyeyuka hunywa joto jingi bila yenyewe kupanda hata uzi mmoja. Kilo moja ya barafu hunywa kilojuli 334 mpaka iishe. Joto hilo lingetosha kuipandisha kilo moja ya maji kutoka sufuri hadi nyuzi 80. Deli halitengenezi baridi. Baridi yote imo ndani ya barafu, na deli ni ukuta wa kuchelewesha joto la nje lisiile barafu hiyo kabla ya samaki.

Tupige hesabu. Chukua deli la lita 40, lenye kuta za polistireni, lile povu jeupe jepesi, za unene wa sentimita 3. Nje ni nyuzi 30, ndani ni sufuri. Mvuvi anatoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 7 mchana, yaani saa nane. Joto linalopenya kwenye kuta kwa muda huo litayeyusha barafu kama kilo 2.4. Samaki kilo 10 waliotoka kwenye maji ya nyuzi 28 wanahitaji kilo 3 nyingine ili washuke hadi sufuri. Jumla ni kilo tano na nusu. Ongeza kidogo kwa ajili ya kifuniko kinachofunguliwa kila samaki anapopanda, na kidogo tena kwa ajili ya jua, ufike kilo 8. Ndipo unapoelewa kwa nini Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huwashauri wavuvi wa nchi za joto wachukue barafu kilo kwa kilo na samaki: sehemu kubwa ya barafu huliwa na samaki mwenyewe.

Sasa badilisha deli. Weka la bei kubwa, lenye povu la poliurethani la sentimita 5, ambalo hata kwa unene uleule hupitisha joto pungufu kwa karibu theluthi moja. Barafu inayopotea kwenye kuta kwa saa nane inashuka hadi kilo 1 hivi. Umeokoa kilo 1.4, yaani kama mfuko mmoja mkubwa wa barafu ya friza. Kwa mvuvi anayelala nyumbani kila siku, pesa ya kuta nene ingenunua barafu ya miezi mingi. Matangazo ya madeli ya kifahari hujisifu kwa siku ambazo barafu hukaa bila kuyeyuka. Lakini madeli hayo hupimwa yamefungwa, na mara nyingi hayana samaki wa moto ndani yake.

Mambo hugeuka kwa wanaokwenda dago. Kundi linaloweka kambi kisiwani siku tatu likiwa na deli la polistireni litapoteza karibu kilo 22 za barafu kwenye kuta peke yake, na barafu iliyopondwa ya uzito huo inataka nafasi ya lita 40 na ushei. Deli lote limejaa na hakuna pa kuweka samaki. Kwa kuta nene za poliurethani hasara ni kilo 9 tu. Huko ndiko unene unakolipa. Na huko ndiko friji bovu linakopata maisha ya pili: ondoa mashine, lilaze chali, mlango uwe kifuniko, na una sanduku lenye povu la kiwandani ambalo fundi wa mtaani asingeweza kulimimina. Uzito wake unalifaa jahazi, mashua au ufukwe. Kwenye mtumbwi ni balaa.

Adui wa deli lolote ni ufa. Povu huzuia joto kwa sababu limejaa vishimo vya gesi iliyotulia. Maji ya chumvi yakipenya, gesi huyapisha maji, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko poliurethani kavu. Deli zee lililokuwa jepesi na sasa linabebwa na watu wawili likiwa tupu limekwisha kazi, hata kama kwa nje linang'aa. Kabla ya kununua la mkononi, linyanyue, ligonge, litazame pembe na kizibo cha kutolea maji. Kifuniko nacho kikae sawasawa. Kilichopinda hupitisha hewa ya moto siku nzima.

Gunia lililolowa ambalo wavuvi hufunikia samaki lina sayansi yake. Maji yanapokauka hubeba joto, lakini pwani hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo gunia haliwezi kushusha joto chini sana ya nyuzi 24 au 25. Kwa samaki huo ni msaada mdogo. Kwa deli ni msaada mkubwa: plastiki ya rangi nzito iliyoachwa juani hupita nyuzi 50 kwa urahisi, na gunia la maji ya bahari juu yake hulirudisha karibu na joto la kivulini. Deli jeupe chini ya gunia bichi ni bora kuliko deli la bluu la bei mara mbili lililo juani.

Wala kuta si lazima zitoke kiwandani. Septemba 1833 meli Tuscany kutoka Boston ilitia nanga Calcutta ikiwa imevuka ikweta mara mbili, na kati ya tani 180 za barafu ilizopakia, kama 100 zilikuwa bado zipo. Hapakuwa na povu la plastiki duniani. Barafu ile ilizungukwa na mbao na mabaki makavu ya mimea. Pwani ya Kilwa na Lindi ina mabaki hayo tele: makumbi ya nazi. Usumba mkavu, yaani nyuzi za makumbi hayo, hupitisha joto takribani theluthi moja ya mbao. Huko Ufilipino kampuni ya Fortuna Cools ilianza kutengeneza madeli ambayo kuta zake zimejazwa nyuzi za makumbi badala ya polistireni. Fundi wa mashua wa Kilwa Kivinje anayejua kukalafati angeweza kujaribu sanduku la mbao lenye kuta mbilimbili na usumba katikati, sharti ahakikishe usumba haulowi.

Barafu yenyewe nayo huchaguliwa. Bonge hukaa muda mrefu kwa sababu eneo lake linaloguswa na hewa ni dogo, lakini kwa sababu hiyohiyo hupoza samaki polepole. Libebe bonge, ulipasue samaki wa kwanza anapoingia. Panga barafu chini, samaki, barafu tena. Maji ya barafu inayoyeyuka yana baridi ileile ya sufuri na huziba mianya. Yatoe yakishakuwa ya damu, si kabla. Chupa za maji yaliyogandishwa ni safi na baadaye hunyweka, ila hugusa samaki sehemu chache tu.

Vibua na jodari waingie mwanzo, wasisubiri foleni. Nyama yao ina histidini nyingi, na bakteria huigeuza kuwa histamini panapokuwa na joto. Histamini ikishakuwamo, kupika hakuiondoi. Mlaji huwashwa, hugeuka mwekundu na kuumwa kichwa hata kama samaki alikaangwa akakauka. Pweza wa bamvua ni kinyume: anataka baridi lakini hataki maji baridi ya barafu. Yakimwingia hunenepa kwenye mizani, ngozi hufifia, na mnunuzi anayejua kazi yake humkataa. Mfunge kwenye mfuko kwanza.

Deli lenye barafu kilo 8, samaki kilo 10 na uzito wake lenyewe hufika kilo 22 au zaidi. Likikaa juu ya kiti, mtumbwi wa mwembe utayumba. Likikaa sakafuni katikati, urefu wake ukifuata urefu wa chombo, hugeuka farumi, uzito wa kukituliza chombo. Deli jembamba refu ni bora kuliko la mraba, kwa sababu maji ya ndani hayapati nafasi ya kukimbilia ubavuni wimbi linapopiga. Lifunge kwa kamba.

Inabaki barafu itoke wapi. Barafu ni umeme uliogandishwa, na Songosongo, kisiwa ambacho gesi yake iligunduliwa mwaka 1974, kimekuwa kikipeleka gesi ya kuzalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, na mtambo wa barafu ulikuwamo katika mipango ya bandari hiyo. Barafu ya mtambo ikipatikana Masoko, mvuvi wa pale anaweza kutosheka na deli la polistireni la bei ndogo. Yule wa Songosongo, anayepaswa kwanza kuivusha barafu baharini kabla hajaitumia, bado atahitaji kuta za sentimita 5.