Filme juu ya Shakespeare: mtoto mmoja, vifo viwili

Tarehe 11 Agosti 1596, daftari la kanisa la Stratford, inchini Uingereza, liliandikwa maziko ya Hamnet, mtoto wa kiume wa mwandishi William Shakespeare. Alikuwa na umri wa miaka 11. Sababu ya kifo haikuandikwa.

Senema imeijaza nafasi hiyo mara mbili. Katika filme All Is True (2018) ya Kenneth Branagh, mtoto huyo anakufa maji. Katika Hamnet (2025) ya Chloé Zhao, anauawa na tauni. Mwenye kutazama moja tu anarudi nyumbani akifikiri amejua yaliyotokea.

Kwa nini watu wa senema wanabuni hivi? Ni kwa sababu karatasi zilizobaki ni chache: ndoa, ubatizo wa watoto, ununuzi wa nyumba na mashamba, kesi kadhaa, na wasia wa mwaka wa 1616. Hakuna hata barua moja ya Shakespeare kwa mke wake iliyopatikana.

Shakespeare in Love (1998), iliyopata zawadi saba za Oscar, ilimpa mwandishi huyo mpenzi tajiri wa London aitwaye Viola. Mwanamke huyo hakuwahi kuishi. Anonymous (2011) ya Roland Emmerich ilikwenda mbali zaidi: inasema kwamba tamthilia zile ziliandikwa na mkubwa mmoja wa serikali, Edward de Vere. Lakini de Vere alikufa mwaka wa 1604, na tamthilia kadhaa zilitungwa baada ya hapo. Wataalamu wengi wanakataa dai hilo.

Anayelipa bei ya michezo hiyo ni mke, Anne Hathaway. Waliooana mwaka wa 1582 walikuwa kijana wa miaka 18 na mwanamke wa miaka 26 mwenye mimba. Bwana alifanya kazi London, naye alibaki Stratford na watoto watatu. Katika Shakespeare in Love hata sura yake haionekani. Katika wasia, mume alimwachia kitanda chake cha pili kwa uzuri. Wengine wakasema ni dharau, wengine wakasema ndicho kitanda cha ndoa. Wasia wenyewe hautoi sababu.

Filme Hamnet imemrudishia heshima. Inamwita Agnes, jina ambalo baba yake alitumia katika wasia wake, na inaonyesha kilio cha mama aliyezika mtoto. Inasema pia kwamba uchungu huo ndio uliozaa tamthilia ya Hamlet. Inawezekana, kwa kuwa wakati ule majina hayo mawili yalihesabiwa kuwa jina moja. Lakini ni wazo, si ushuhuda.

Wasomaji wa Kiswahili walimjua Shakespeare kupitia kazi yake: Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka wa 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969. Mlango huo ungali wazi.

Hakuna ubaya kutazama filme hizo na kulia nazo. Ila taa zikiwashwa, tujiulize: hili liliandikwa wapi, na lile limetungwa na nani? Marehemu hana mdomo wa kujitetea, na mke wake vilevile.