Mama naye aadhimishe Noeli



Desemba ifikapo, mabasi ya kuelekea Kilimanjaro hujaa watu wanaorudi nyumbani kula Noeli. Mbuzi huchinjwa, mbege hutayarishwa, machalari huchemka katika sufuria kubwa. Ni desturi njema, nasi twaipenda. Lakini tusimamapo altareni asubuhi ya tarehe 25, twawaona akina baba na watoto katika nguo mpya, na nafasi ya mama i wazi. Yuko jikoni tangu alfajiri, kwa kuwa wageni watatoka Misani na njaa.

Akina mama hutuuliza kama wametenda dhambi kukosa Misa hiyo. Nasi twauliza kwanza: ni nani aliyewazuia? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2187, yafundisha kwamba kuzitakatifuza Dominika na sikukuu ni juhudi ya wote, na kwamba kila Mkristo aepuke kuwatwisha wengine madai yasiyo ya lazima yanayowazuia kuitunza siku ya Bwana. Fundisho hilo lawahusu mume, mawifi na mama mkwe kabla ya kumhusu mpishi.

Mahubiri mengi, yetu yakiwemo, yamemwonea Martha. Katika Luka 10:38-42 Bwana hakukikataa chakula chake. Alimhurumia kwa mahangaiko yake mengi.

Kwa hiyo mama anayesema, kwa heshima na mapema katika Majilio, "Mwaka huu tutakula saa nane, baada ya Misa," hajamvunjia mtu heshima. Tena si yeye anayepaswa kulipeleka neno hilo ukweni. Mume na azungumze na mama yake mzazi. Akinyamaza, mkewe ataonekana mkaidi kwa jambo walilokubaliana wawili. Vivyo hivyo kuhusu fedha: ada ya Januari isiliwe Desemba ili kuwaridhisha wageni, na mama asiachwe peke yake kusema kwamba haipo.

Kuhusu Misa yenyewe, kanuni 1248 ya Sheria za Kanisa yaruhusu kuutimiza wajibu huo jioni ya mkesha. Basi jioni ya tarehe 24 akina baba na vijana wa kiume wabaki na sufuria, mama aende kanisani. Wao watasali asubuhi.