Mke Asiyezaa na Maji ya Ziwa

Sinema za namna hii mmekwisha kuziona: mume ni mvuvi, mke hapati mtoto, mama mkwe aanza maneno, kisha mke wa pili aletwa. Wengine hucheka. Huku Kyela, tangu Itungi mpaka Matema, si jambo la kucheka, maana ng'ombe wa mahari wamekwisha tolewa na ukoo wa mume wahesabu miaka.

Bibi Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba hasira ya wakubwa wa ukoo iliaminika kuleta maradhi na utasa. Basi hata wazee wetu hawakumtwika mke lawama yote peke yake!

Sasa sikilizeni habari ya maji. Katika Ziwa Nyasa wamo konokono wenye vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini, akifua, akioga, akichota au akivuta wavu. Mkojo wa damu twaujua sote. Wasiojua wengi ni hili: kwa mwanamke, mayai ya kichocho hukaa hata katika viungo vya uzazi, yakaleta vidonda na makovu, na pengine yakazuia mimba. Damu na maumivu yake hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Mke atukanwa, ati mzinzi, kwa ugonjwa alioupata akifua mashati ya mumewe! Dawa ipo, prazikwanteli, nayo huua minyoo. Lakini makovu ya siku nyingi hayaondoki kwa urahisi, kwa hiyo yafaa kutibiwa mapema, tangu utoto.

Si kila nyumba ina kichocho, la. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa huziba mirija ya uzazi. Na ninyi waume, msikasirike: mbegu za mume zaweza kuwa chache au dhaifu, hata akiwa hodari wa kupiga kasia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 hivi katika kila 6 hupatwa na shida hii maishani. Miezi 12 ikipita bila mimba, nendeni hospitali wote wawili. Kumpeleka mke peke yake ni kukagua ubavu mmoja wa mtumbwi unaovuja.

Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1084, yasema utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi, isipokuwa mtu alidanganywa kwa hila ili akubali kuoa. Mume akija ofisini kuniulizia habari ya kuachana kwa sababu hiyo, namwuliza kwanza: "Wewe, bwana, ulipimwa lini?"