Je, Habari Huweza Kufika Bila Nishati?

Tunapofundisha somo la sauti huwaambia watoto kwamba mgonga kengele hutuma nishati: hewa hutikisika, sikio hupokea. Kwa kengele ni kweli. Lakini mwalimu akiongeza kwamba habari yoyote lazima ibebwe na nishati ya mpelekaji, amepita mpaka.

Mwaka 2015 wanafizikia Robert Jonsson, Eduardo Martín-Martínez na Achim Kempf, wakiwa Waterloo, Kanada, walionyesha kwa hesabu kwamba katika fizikia ya kwanta mpelekaji aweza kuacha alama katika uga wa mawimbi, na mpokeaji akaisoma baadaye, pasipo nishati ya mpelekaji kumfikia. Hata hivyo mpokeaji hulazimika kutumia nishati yake mwenyewe kukiwasha chombo chake. Ni kama barua isiyobandikwa stempu: hufika, ila ada hutozwa anayeipokea. Mfano huu una kasoro, kwani barua hubebwa na tarishi, na alama ile haina tarishi.

Tena jambo hilo halitokei popote. Katika nafasi tambarare ya vipimo vitatu nuru hupita bila kuacha mabaki nyuma yake. Mabaki huonekana katika nafasi ya vipimo viwili, au iliyopindwa na mvutano. (Chembe zilizofungamana, zipendwazo sana na magazeti, zenyewe hazipeleki habari hata kidogo.)

Darasani basi tuseme, "Sauti hupeleka nishati," wala tusiseme, "Habari ni nishati." Mtoto akiuliza tofauti yake, tumwulize: kengele ikilia, nani ametoa nishati, na nani ameipokea?