Kutoka Utabibu Hadi Udaktari: Cheti cha Kidato cha Nne

Katika zahanati za vijijini wilayani Bunda na Butiama, wagonjwa humwita "daktari" kila anayewatibu. Mara nyingi huyo ni tabibu, mwenye stashahada ya miaka 3. Akitaka kusomea Shahada ya Udaktari, kwa mfano Bugando, Mwanza, njia ipo. Miongozo ya karibuni ya Tume ya Vyuo Vikuu humtaka awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0.

Lakini kuna sharti la pili, nalo husahaulika: alama D au zaidi, kidato cha nne, katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Vyuo vya utabibu huhesabu Hisabati na Kiingereza kuwa sifa ya ziada tu. Hivyo mtu aweza kuhitimu vizuri, akahudumia wagonjwa miaka mingi, kisha akazuiwa na F ya Hisabati aliyoipata ujanani.

F hiyo hufutika. Tabibu anaweza kurudia somo hilo akiwa kazini, kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika mtihani wa Novemba. Mwanachuo aliyeko Musoma ni heri aurudie kabla hajahitimu, wakati vitabu vingali mkononi. Asome pia mwongozo wa mwaka anaoomba, kwani masharti hubadilika.