KIKIWA KIDOGO, TUKIGAWEJE?



Alfajiri moja alitujia wodini mama amembeba mwanawe mwenye degedege. Siku nne kabla, mtoto huyo wa kilo 18 alipimwa akakutwa na malaria, akapewa vidonge 12 vya dawa ya mseto: viwili mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Kufika nyumbani, mama akakuta wadogo zake wawili nao wana homa. Akagawa sawa kwa sawa, kila mtoto vidonge vinne. Tulimwongezea mtoto damu, akaponea chupuchupu.

Mama huyo hakuwa mzembe wala hakukosa upendo. Alikosea hesabu. Tuifanye pamoja.

Mkubwa alihitaji vidonge 12. Wadogo, mmoja wa kilo 13 na mwingine wa kilo 8, kama nao wangekuwa na malaria, kila mmoja angehitaji 6. Jumla 24. Vilivyopo ni 12 tu.

Njia ya kwanza ni sawa kwa sawa: vinne kila mmoja. Hakuna aliyetimiza dozi.

Njia ya pili ni kwa uwiano, kama wanavyolipwa wadai wa mfanyabiashara aliyefilisika. Dawa ni nusu ya mahitaji, basi kila mmoja apate nusu ya anachohitaji: 6, 3 na 3. Inaonekana ya haki zaidi, lakini hapa pia hakuna aliyetimiza dozi. Nusu dozi haileti nusu ya uponyaji. Vijidudu vinavyobaki huzaliana upya, na ugonjwa hurudi.

Njia ya tatu ni dozi kamili: vyote 12 kwa aliyepimwa, na wale wawili wapelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Huenda homa yao si malaria kabisa. Hii ndiyo njia sahihi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, kitu hiki kikikatwa vipande bado kinafaa? Dozi haikatwi. Vingine vinagawanyika vizuri.

Oksijeni ni mfano. Mashine inayotoa lita 5 kwa dakika, ikiwekewa kifaa cha kugawa hewa, yaweza kuhudumia watoto watatu: wawili lita 2 kila mmoja, na mtoto mchanga lita 1. Hatugawi sawa, tunagawa kwa kadiri ya haja. Akija wa nne, hatuulizi ni mtoto wa nani wala nani aliwahi foleni. Tunatazama dalili za hatari: kupumua kwa shida kubwa, degedege, kupoteza fahamu, mikono ya baridi na mapigo dhaifu. Mwenye dalili hizo hutangulia. Tafadhali msitukasirikie mnapoona mtoto aliyekuja nyuma yenu akiingizwa kwanza.

Chakula nacho kinagawanyika, ila sinia moja kwa watoto wote ni sheria ya mwenye nguvu mpishe. Mdogo hula polepole, naye ndiye mwenye haja kubwa ya kukua. Mpakulie sahani yake mwenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ale milo mitatu au minne kwa siku, kwa kuwa tumbo lake ni dogo.

Na haja zikilingana kabisa? Hapo kura ni haki. Mwaka 1947 huko Uingereza dawa mpya ya kifua kikuu, streptomycin, ilikuwa haba mno. Madaktari waliwapanga wagonjwa 107 kwa mpango wa kubahatisha uliofichwa ndani ya bahasha: 55 wakapata dawa na mapumziko ya kitandani, 52 mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 kati ya wale 55, na 14 kati ya wale 52. Hivyo hakuna aliyependelewa kwa cheo wala fedha, na dunia ikajua kwa hakika kwamba dawa ile inafanya kazi.

Wazazi, tukumbuke haya:

1. Dawa ya mtoto mmoja isigawiwe wawili, wala isibakizwe kwa ajili ya homa ijayo.

2. Kinachogawanyika kigawiwe kwa haja, si kwa nguvu wala umri.

3. Mwenye hatari zaidi atangulie. Haja zikilingana, pigeni kura.

4. Kubalianeni utaratibu mapema. Ukitungwa wakati wa dhiki, kila mtu huona umetungwa dhidi yake.

Yule mama alirudi baada ya wiki mbili na watoto wote watatu. Mdogo alikuwa na kikohozi. Hakungoja agawe dawa ya mtu, alimleta apimwe.