Maji Yanayopotea Njiani

Nyalikungu ni kata iliyomo katika mji wa Maswa, mkoani Simiyu. Kwa miaka mingi wakazi wa mji huo wametegemea maji ya bwawa la New Sola lililoko Zanzui. Bwawa hilo hujazwa na mvua. Wakati wa kiangazi jua huwa kali, na maji ya bwawa hupungua siku hata siku. Kwa hiyo kila tone lina thamani.

Maji ya bwawa huvutwa kwa pampu, huchujwa, na kutiwa dawa ya kuua vijidudu. Kisha husafiri katika mabomba yaliyofukiwa ardhini. Lakini si maji yote yanayofika nyumbani. Katika Tanzania, zaidi ya robo ya maji yanayotolewa na mamlaka za maji mijini hupotea. Mengine huvuja katika mabomba mabovu. Mengine huibwa au hayapimwi sawasawa.

Uvujaji hugunduliwaje?

Mafundi hutumia hesabu ya kutoa. Dira kubwa hupima maji yanayotoka katika tangi. Dira ndogo hupima maji yanayoingia katika kila nyumba. Ikiwa lita 1,000 zimetoka na lita 700 tu zimefika, basi lita 300 zimepotea njiani.

Dira kubwa husomwa pia usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Ikiwa bado inazunguka kwa kasi, maji yanavuja mahali fulani. Mafundi hufunga vali za mitaa, mmoja baada ya mwingine. Dira ikipunguza mwendo, mtaa uliofungwa ndio wenye bomba bovu. Hapo mafundi hutafuta udongo uliolowa au majani mabichi wakati wa kiangazi. Pia huegemeza fimbo ya chuma juu ya bomba na kutega sikio, kwani maji yanayovuja hutoa sauti.

Bomba lenye ufa ni hatari pia kwa afya. Pampu ikizimwa, maji machafu yaweza kuingia ndani ya bomba na kuleta kipindupindu au homa ya matumbo.

Jaribio: Kupima maji yanayodondoka

Vifaa: chupa ya nusu lita na saa.

1. Tafuta bomba linalodondoka.
2. Weka chupa chini yake. Andika saa uliyoanza.
3. Chupa ikijaa, andika saa tena. Maji hayo mwagilia mti.

Tuseme chupa ilijaa kwa saa moja. Kwa siku moja zitapotea lita 12. Kwa siku 30 zitapotea lita 360, yaani ndoo 18 za lita 20. Mara nyingi kipande kidogo cha mpira kilichochakaa ndani ya bomba ndicho chanzo cha hasara hiyo.

Wajibu wetu

Maji hulipiwa kwa uniti. Uniti moja ni lita 1,000. Anayeacha bomba wazi hulipa zaidi. Tufunge bomba baada ya kuteka. Tunawe kwa kopo. Maji ya kufulia tuoshee sakafu. Tukiona bomba limepasuka, tutoe habari mapema kwenye ofisi ya maji.

Maswali

1. Kwa nini dira kubwa husomwa usiku?
2. Bomba la shule hupoteza lita 2 kwa saa. Hupoteza ndoo ngapi za lita 20 kwa siku 5?
3. Taja njia mbili za kutunza maji nyumbani kwenu.